Bwawa Lisilotaka Kuinamiwa

Mafundi wenzake walimwita Koki, kwa sababu aliwahi, kwa maneno yake mwenyewe, kukalia bomba kuu lililopasuka kutwa nzima, akanywa chai papo hapo, akasalimiana na wapita njia, na mji mzima usikose maji. Ukimuuliza mkewe, atakwambia lilikuwa bomba la bustani na chai ilimwagika.

Huyo mkewe, tangu watoto wahame, alikuwa na bata wawili, Meneja na Katibu. Meneja alitembea kifua mbele akifoka. Katibu alimfuata nyuma akikubali kila kitu. Walioga kwenye beseni la kufulia, na hakuna kiumbe apendaye maji safi kama bata, wala ayachafuaye haraka kama yeye. Jua halijakaa sawa, beseni lilishakuwa uji. Mama aliinama, akamwaga, akajaza. Akainama tena, akamwaga. Asubuhi moja aliinama, mgongo ukagoma kurudi juu. Koki alimbeba mpaka kitandani akiwa amejikunja vile vile, kama kiti cha kukunja cha sherehe.

Binti yao, muuguzi, aliposikia akapiga simu. "Mama, kazi hiyo basi! Mmehangaika vya kutosha, wewe na Baba. Jumapili nakuja tupange. Sasa hivi ninyi ni kula bata tu!"

Mama akakata simu, uso umesawijika. "Umemsikia mwanao? Anakuja kula bata wangu."

Koki, ambaye bata alimjua mmoja tu, yule mwenye manyoya, akaketi. "Wote wawili?"

"Hakusema."

"Pengine Katibu tu."

"Wewe mzee, wewe!" Akamrushia mto, mgongo ukamchoma, akatulia. Kisha machozi yakamtoka bila sauti. Kelele za mkewe Koki alizizoea miaka mingi. Ukimya huu ulimshinda.

Akawaza kifundi. Binti hana ugomvi na bata, ugomvi wake ni mgongo. Mgongo ukiepushwa na kuinama, bata wataepushwa na sufuria.

Akapata hodhi kuukuu la kuogea, lile refu la kulala mtu mzima, akalipandisha juu ya matofali likainamia upande mmoja. Akawajengea bata ngazi ya kupandia. Tunduni akafunga bomba na koki, bomba likaelekea kwenye mboga. Na kwa kuwa alikuwa fundi msafi, akaweka chujio, kama alivyoweka kwenye kila sinki maishani mwake.

Bata wakaoga. Akafungua koki. Maji yakatoka kidogo, yakakohoa, yakasimama. Chujio lilikuwa limevaa manyoya na tope kama kofia. Mama, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kujishikilia ukutani, akakunja mkono wa gauni atie mkono mle ndani.

"Usiiname!" Koki akapiga ukelele mpaka Meneja akanyamaza, jambo ambalo halijapata kutokea.

Akakaa kwenye ngazi ya bata, akicheka peke yake. "Mke wangu, umri wote nimezuia uchafu usipite. Hawa wanataka upite! Bata ni choo chenye mabawa." Akang'oa chujio, akang'oa na bomba, akafunga lile nene la chooni. Safari hii maji yalishuka yote, na manyoya yake, yakiguna.

Jumapili binti alimkuta mama yake amesimama mbele ya bata, fagio mkononi. "Kabla hujawala wanangu, tazama kwanza!"

"Kumla nani?"

"Si ulisema ni kula bata tu?"

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama jamani! Kula bata ni kustarehe! Siku hizi ndivyo watu wanavyosema."

"Starehe gani ya kumla mtoto wa mtu?"

Lakini binti akajifuta machozi, sura ikabadilika. "Kuwala, hapana. Ila nimeshaongea na rafiki yangu mwenye shamba, awachukue leo. Mgongo ule sitaki kuusikia tena, Mama."

Mama akasogea hodhini. Akauvuta mpini ambao Koki aliuunga wima kwenye koki. Maji yakashuka yakinguruma. Akafagia hodhi kwa fagio refu, akafungulia mpira wa maji, likajaa. Binti hakutazama maji hata kidogo. Alitazama kiuno cha mama yake, kama anavyomtazama mgonjwa anayetembea mara ya kwanza, na kiuno kilibaki kimenyooka mwanzo hadi mwisho.

Binti akajaribu mwenyewe. Ikambidi ajikunje. "Baba, mpini huu mfupi. Hata wewe utakuumiza."

"Sio wetu," Koki akasema, akijifanya anakaza kitu kilichokwisha kukazwa. "Nimeukata kwa kipimo cha kiwiko cha mama yako."

Binti akamtazama baba yake, akatoa simu, akampigia mwenye shamba. "Samahani, usije. Wana kwao."

Mama akageukia hodhi haraka, akawa na shughuli nyingi sana za kumwita Katibu, aliyekuwa ameshaingia majini.