Chumvi ya Kiasi cha Machozi

Waligongana penye kona ya njia, pale miti ya muwati inapobanana, na kilichoanguka kwanza kilikuwa kikapu cha viazi. Cha pili kilikuwa heshima ya Anania.

Alijitupa mtaroni kifudifudi, kofia usoni. Mama mkwe wake, Bi Tabea, akajifunika kanga mpaka kidevuni na kuanza kuokota viazi vyake kwa kupapasa, macho kayafumba.

"Nisamehewe," Anania aliuambia mtaro. "Sikusikia harufu."

Bi Tabea hakujibu. Angejibu vipi? Katika ukoo wao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemeshani ana kwa ana, hawatumii chombo kimoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Mchungaji alihubiri mara moja kila mwaka kwamba jambo hilo limepitwa na wakati, kisha akirudi nyumbani alipitia uani ili asikutane na mama mkwe wake mwenyewe.

Kwa miaka tisa Anania hakuwahi kukosea hata mara moja. Sababu ilikuwa rahisi: Bi Tabea alinusa ugoro, na upepo ulimleta hatua arobaini kabla miguu yake haijafika. Anania akishaipata harufu ile, hujitosa kichakani kwa adabu na kusubiri. Watu walimsifu kwa malezi mema, kumbe sifa zote zilikuwa za pua.

Sasa pua hiyo ilikuwa imeziba wiki ya tatu. Baridi ya mwezi wa saba ilimletea mafua, vumbi la pareto likayakaribisha yakae, na yakakaa. Paji la uso lilimuuma kila alipoinama. Mashavu yalikuwa mazito, na usiku alikoroma mpaka mkewe, Ema, akahamishia mkeka wake jikoni kwa mbuzi. Alikula viazi, akala maharage, akala mkate wa Meza ya Bwana, na vyote vilikuwa na ladha moja.

Angekuwa mkulima tu, mambo hayo yangekuwa kero ya nyumbani. Lakini Anania alikula kwa pua yake. Alikuwa mkaushaji katika shamba moja la pareto, kati ya Njombe na Makambako, mali ya Mwingereza ambaye vibarua walimwita Bwana Haraka. Maua yakishachumwa hutandazwa kwenye trei za waya ndani ya banda, na hewa ya moto hutoka kwenye tanuri la kuni nje ya ukuta. Moto ukipungua, maua huvunda. Ukizidi, huungua na kupoteza nguvu, na hayauziki tena. Zamani palikuwa na themometa ukutani. Ilivunjika, na Bwana Haraka, badala ya kuagiza nyingine Dar es Salaam, akagundua kwamba pua ya Anania ilikuwa rahisi zaidi na haikuhitaji stempu.

Pua ile ilijua harufu tatu. Ya kwanza ni ya majani mabichi, nayo humwambia mtu aongeze kuni. Ya pili ni kama chai kavu, kwamba mambo ni shwari. Ya tatu ni ya ukoko wa ugali chunguni, na ikija, mtu haulizi swali, anachomoa kuni mbio.

Jumanne, siku iliyofuata ile ajali ya viazi, harufu ya tatu ilikuja ikampita Anania amesimama pale pale akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza hotuba nzuri. Trei kumi na mbili zilitoka nyeusi. Nyapara, Nikodemo, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa na hakukubali mtu yeyote asahau jambo hilo, akashika ua moja likasagika vidoleni.

"Anania, bwana, hii si pareto. Hii ni masizi."

"Ni pua, Mzee. Imeziba."

"Bwana Haraka hakuajiri sababu zako. Amesema hivi: Ijumaa unakausha tena, yeye anakuja kuangalia. Ukiunguza, Jumamosi lori la manamba linapita kwenda Makambako, na nafasi yako imo."

Lori hilo Anania aliliogopa kuliko chui. Kaka yake Mika alipanda lori kama hilo kwenda kukata mkonge Tanga kwa mkataba, mwaka wa nne huo, na barua iliyokuja ilikuwa moja tu, imeandikwa na mtu mwingine. Anania alimpenda mkewe, alipenda nyumba yake ya nyasi yenye uzio wa mianzi, alipenda hata baridi. Hakutaka kwenda mahali ambapo hata ukungu haujui jina lake.

Jioni Ema alikwenda kwa mama yake kulia. Bi Tabea alimsikiliza, akanusa ugoro, akapiga chafya moja safi ya mtu asiyejua shida.

"Kwa nini hamkusema?" alisema. Alikuwa amefua mashuka ya wagonjwa Kidugala kwa miaka kumi na mmoja, enzi za misheni ya Wadachi, na aliona mengi ambayo hakuitwa kuyaona. "Sista alikuwa akiwaosha watoto pua kwa maji ya chumvi. Maji yachemshwe, yapoe mpaka yawe vuguvugu. Yanaingia tundu hili, yanatoka lile. Nenda katengeneze, mimi nitasimama nje ya uzio niwaelekeze."

Basi Jumatano jioni Bi Tabea alisimama nje ya uzio, amewapa mgongo, na Ema akasimama katikati kuyabeba maneno ya mama yake kumpelekea mume aliyekuwa hatua nne tu na aliyeyasikia yote.

"Mama anasema uinamie beseni, ugeuze kichwa ubavu."

"Nimesikia."

"Anasema umesikia nini, mimi sijamaliza. Upumue kwa mdomo."

Ema akainua birika ndogo ya bati, akaelekeza mdomo wake kwenye tundu la juu la pua ya mumewe, akamimina.

Ukelele aliotoa Anania uliwafikia watu ng'ambo ya mto. Wengine walidhani kuna msiba wakaanza kujifunga kanga. Alizunguka uani mara tatu, akapita juu ya beseni, akamkanyaga mbuzi, akatumbukiza uso mzima kwenye mtungi wa maji baridi.

"Mmetia chumvi gani?" Bi Tabea aliuliza, bado kawapa mgongo.

"Hii ya chunguni, Mama. Ya majivu."

Chumvi ya dukani ilikuwa imewaishia, na Ema, kama nyumba nyingi za kule, alipikia maharage kwa maji makali yaliyochujwa kwenye majivu. Yanalainisha maharage magumu kwa nusu saa. Pua ni laini tayari.

"Na umetia kiasi gani?"

"Vijiko vinne. Kwa sababu ugonjwa ni mkubwa."

"Ningetazama," Bi Tabea alisema polepole, na sauti ilionyesha kwamba alikuwa amejikasirikia. "Jicho moja tu, ningeona ule weusi birikani."

Alhamisi pua ya Anania ilikuwa nyekundu kama nyanya na imeziba vilevile. Alisema hataki tena kusikia habari za maji, labda ya ubatizo. Usiku Ema akaitwa kwa dada yake Idda, aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, akaondoka akimwachia maji mengine aliyokwisha kuyachemsha.

Kwa hiyo Ijumaa alfajiri Anania alikuwa peke yake uani, amekaa juu ya kinu, akitazama kifurushi cha nguo alichokwisha kukifunga. Hapo ndipo alipoisikia sauti nje ya uzio.

"Ewe jogoo."

Jogoo wa Ema, aliyekuwa akiparura jivu, akainua kichwa.

"Ewe jogoo, mwulize mwenye nyumba kama amekata tamaa."

Anania alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu wa kupokea maneno. Akakohoa.

"Jogoo, mwambie Mama kwamba mimi nimekata tamaa toka juzi."

"Jogoo, mwambie mgonjwa haulizwi uji. Maji ya jana usiku yaliyochemshwa yapo?"

"Mwambie yapo sufuriani, nimeyapasha kidogo ninawe uso."

"Basi ayatie birikani. Nimekuja na chumvi yangu ya dukani. Nusu kijiko kwa kikombe. Yawe na chumvi kama machozi, isizidi. Aonje."

Mkono ulipenya kati ya mianzi, umeshika kitambaa kilichofungwa fundo. Anania alikipokea akiangalia pembeni, akatia chumvi, akakoroga, akaonja. Akaonja tena.

"Jogoo," alisema kwa huzuni, "mwambie Mama kwamba ulimi wangu umekufa pamoja na pua. Tangu ile ya majivu, sitofautishi machozi na maji ya mto."

Jogoo akarudi kuparura jivu lake. Anania alijua mama mkwe wake anawaza nini, kwa kuwa yeye pia alikuwa akiwaza hilo hilo. Kuonja ni kugusa chombo. Chombo hicho kingekwenda usoni kwake. Hata bibi yao wa zamani kabisa asingekuwa na jina la kosa la namna hiyo.

"Jogoo," Bi Tabea alisema mwishowe, "geuka utazame kule."

Jogoo hakugeuka. Aliyegeuka ni Anania. Akaisogeza birika nyuma ya mgongo wake mpaka kwenye mwanya wa uzio, akahisi inapokelewa. Akasikia funda dogo. Akasikia mtu akitema, akifikiri, kisha chembe chache za chumvi zikianguka majini.

"Sasa ni machozi," sauti ilisema.

Birika ikarudi. Anania aliishika kwa mikono miwili.

"Jogoo, mwambie ainame. Kichwa ubavu. Kinywa wazi, apumue kwa kinywa kama wewe ulivyokimbizwa na mwewe. Amimine polepole tundu la juu, aseme aaa."

"Aaa," Anania alisema.

"Asimeze!"

"Simezi, Ma... Jogoo, mwambie simezi!"

Mwanzo hakikutoka kitu. Kisha kikatoka kitu ambacho sitakieleza, kwa kuwa huenda msomaji anakula. Na nyuma yake yakatiririka maji, kutoka tundu la chini, membamba, yakienda beseni kwa amani. Hayakuwasha hata kidogo.

"Jogoo! Yanatoka! Yameingia huku yanatoka huku!"

"Mwambie asipige kelele, watu watakuja kumzika. Apenge taratibu, tundu moja moja. Halafu ageuze upande."

Alirudia mara tatu. Alipomaliza, paji la uso lilikuwa jepesi, na katika tundu la kushoto palipita uzi mwembamba wa hewa, wa baridi kama kisu. Alipotaka kushukuru, nyayo zilikuwa zimekwisha kuondoka.

Bandani, saa nne, trei zilikuwa zimejaa na tanuri likinguruma. Bwana Haraka alikuwa hajafika. Nikodemo alisimama mlangoni, mikono nyuma, uso wa msiba. Anania alivuta hewa. Majani mabichi. Akaomba kuni. Saa sita akavuta tena, akapata chai kavu, akatabasamu. Kisha, katikati ya hewa ile tamu, kwa mbali sana, mtu akasahau ugali motoni.

"Chomoa kuni!" alipaza sauti. "Zote! Fungua madirisha!"

"Mbona mimi sisikii kitu?" Nikodemo alisema. "Ukivundisha ni makosa yale yale, Anania."

"Fungua, Mzee. Nasikia ukoko." Akamgeukia, akavuta tena hewa. "Na asubuhi hii umeonja pombe ya komoni. Ya mtama, si ya mahindi."

Mzee wa kanisa alitazama nyuma yake, akatazama mbele, kisha akakimbilia madirisha kwa kasi ambayo hakuwa nayo tangu ujana.

"Pua imepona," alisema akirudi, anahema. "Nitamwambia Bwana kwamba imepona kabisa. Wewe nawe, bwana, sema polepole."

Maua yalitoka meupe, makavu, yakivunjika vizuri. Bwana Haraka alipofika alishika moja, akaguna, akapanda gari lake akaenda zake, na guno hilo Anania alilibeba mpaka nyumbani kama zawadi. Alifungua kifurushi cha nguo, akaitundika kila moja mahali pake.

Jumamosi mchana lori la manamba lilipita kuelekea Makambako. Vijana walikuwa wakiimba nyuma yake, na Anania alisimama kando ya barabara, kofia mkononi, mpaka vumbi likatua. Alimkumbuka Mika. Kisha akashika njia ya nyumbani.

Kabla ya kona ya muwati, upepo ukamletea ugoro.

Aliingia kichakani, akachuchumaa, akaipa njia mgongo. Nyayo zikaja, zikasimama. Kitu kidogo kikawekwa juu ya jiwe, chepesi, chenye mlio wa chembe ndani ya kitambaa.

"Wewe mti," Bi Tabea aliuambia muwati, "mwambie aendelee asubuhi na jioni, mpaka baridi iishe. Na ajifunze kuonja mwenyewe."

"Mti," Anania alisema, "mwambie Mama nimesikia."

Nyayo hazikuondoka mara moja. Anania alivuta hewa taratibu, tundu moja, kisha la pili. Chini ya ugoro palikuwa na harufu nyingine ambayo kwa miaka tisa, akiharakisha kukimbia, hakuwahi kuisubiri: sabuni ya kufulia, na moshi wa kuni, na nguo iliyoanikwa juani. Alibaki amechuchumaa palepale, macho kayafumba, hata baada ya nyayo kupungua njiani na upepo kuanza kugeuka.