Mke Mwenza wa Mchangani

Usiku wa jana niliota mume wangu ameniletea mke mwenza, na mke mwenza huyo ni ua.

Ni lile la vilima vya mchanga vya Mambrui, la manjano, dogo kuliko kifungo cha shati. Shebwana, mume wangu, ameajiriwa kulilinda kwa sababu limebaki shina moja tu. Kila jioni anarudi akilisifu. Leo limefunguka. Leo limeinama kidogo. Mimi nimesuka nywele wiki ya pili sasa, hajaona.

Basi nalikuta limekaa kitandani kwangu, mizizi inaning'inia.

"Shikamoo, bi mkubwa," linasema.

"Marahaba," nasema, maana adabu ni adabu. "Umefuata nini?"

"Zamu yangu."

"Siku ngapi?"

"Saba."

Wivu ulinipanda hadi masikio yakawa moto. Nikafungua mlango niende kwa kadhi, kumbe nje ya mlango ndiyo mahakama, mchanga mtupu. Kadhi ni kaa. Amepiga kilemba, anaandika kwa gando.

"Wiki ina siku saba," nikamwambia. "Zote achukue huyu?"

"Sheria inasema kilicho adimu kitunzwe kwanza. Yeye yuko mmoja. Wake wa watu mko wengi, sokoni mnakanyagana."

Shebwana amesimama pale na ndoo ya kumwagilia. Mimi namtazama yeye, yeye analitazama ua. Hapo roho iliniuma kweli.

"Mimi, Mwanakombo binti Kale, niko mmoja tu," nikasema. "Tafuteni dunia nzima. Mkimpata wa pili, kitanda nampisha huyu."

Kadhi akatuma kaa wadogo. Wakazunguka dunia, wakarudi kabla chai yake haijapoa.

"Hakuna mwingine," wakasema.

Nikalikata jicho lile ua. Likakusanya mizizi yake, likaenda zake bila kuaga. Kadhi akaandika: Mwanakombo, adimu, alindwe. Kisha akamsomea Shebwana masharti. Asichumwe. Asiguswe. Asisogelewe chini ya hatua tatu.

"Ngoja kwanza, kadhi," nikasema, "hilo la kuguswa..."

Alishagonga muhuri.

Nikaamka, kumekucha. Shebwana amesimama karibu na mlango, ananitazama vile nilivyotaka anitazame tangu alione hilo ua lake.

"Leo umependeza," akasema.

"Njoo basi ukae hapa."

"Nakuona vizuri hapa hapa."

Nikamnyooshea mkono. Akarudi nyuma hatua moja, zikawa tatu.