Kiti cha Ubeti wa Tatu

Alhamisi saa tisa alasiri fundi cherehani alifika ukumbini na begi la pini, chaki na utepe wa kupimia, kuja kulegeza makoti manne ya bendi. Makoti hayo yalishonwa kwa kufuata picha ya jalada la santuri ya zamani, picha ya vijana wanne wembamba wa miaka ya sitini, na wanabendi hawa hawakuwa vijana wala wembamba. Mpiga besi alikuwa ameacha kufunga vifungo tangu mwaka juzi.

Bendi ilipiga kopi tu. Kiongozi wake, mkaguzi wa shule mstaafu ambaye wote walimwita Inspekta, hakuruhusu noti hata moja iongezwe wala ipunguzwe. Kilichokuwa kwenye santuri kilipigwa, makosa yake yakiwemo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mpiga gitaa na mwimbaji; alichana spika yake kwa wembe ili ikwaruze kama ile ya wenyewe, na pale mwimbaji wa kwanza alipokohoa, miaka hamsini na nane iliyopita, Inspekta naye alikohoa.

Wimbo uliowajazia ukumbi kila Jumamosi mchana ulikuwa wa mtu anayedai kuona rangi za sauti. Katika ubeti wa tatu kinanda hunyamaza kwa mapigo kumi na sita, kisha hurudi kana kwamba hakuna lililotokea. Wapenzi wa muziki ule wameusifu mno ukimya huo, na mtaalamu mmoja ameuandikia kitabu kizima. Bendi nayo iliupiga kwa uaminifu. Mpiga kinanda, aliyeitwa Shemeji kwa sababu ndivyo alivyokuwa kwa Inspekta na ndivyo alivyopata kazi, aliinua mikono na kuhesabu.

Ndani ya mapigo hayo kiti cha mkata tiketi kilitoka mlangoni, kikakatiza ukumbi chenyewe, kikasimama nyuma ya mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliokuwa wamesimama. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, kwa hiyo kilichechemea, lakini hakijawahi kuchelewa. Ilianza miaka miwili iliyopita. Mkata tiketi alimlalamikia meneja mara mbili, kisha akazoea kuinuka ubeti wa pili ukiisha. Wakubwa wa mji walijifunza kuzubaa wamesimama mpaka ubeti wa tatu.

Alhamisi hiyo bendi ilifanya mazoezi ikiwa na mashati tu, fundi akiwa pembeni anafumua mishono, na mkata tiketi mlangoni akiuza tiketi za Jumamosi. Ubeti wa tatu ulipofika, kiti kilikuja kikasimama nyuma ya Inspekta. Fundi alitoa pini mdomoni.

"Hicho kiti ni changu," alisema.

"Ni cha ukumbi, dada," Inspekta alimjibu.

"Sisemi mbao. Nasema hiyo safari yake."

Akawaeleza bila haraka, akiendelea kufumua. Santuri ile ilirekodiwa kwenye gereji ya kaka yake, na yeye fundi ndiye aliyepiga kinanda, akiwa na miaka kumi na tisa. Ubeti wa tatu ulipoanza, bwana wa kampuni ya santuri aliingia. Kaka yake, gitaa mkononi, alimwonyesha mgeni kwa kidevu. Basi fundi akainuka, akaenda kuleta kiti, akamkalisha mgeni, akarudi kwenye kinanda. Utepe wa kurekodia ulikuwa mmoja, na hakuna aliyeona sababu ya kurudia.

"Mapigo kumi na sita," alisema. "Sikukawia."

"Mbona kwenye picha wapo wanne?" Shemeji aliuliza.

"Kamera ilishikwa na nani, mwanangu? Tazama pale chini miguuni mwao. Kile kivuli ni gauni langu."

Inspekta alileta jalada. Kivuli kilikuwepo. Yule mtaalamu alikuwa amekitolea sura nzima kitabuni mwake na kusema ni cha ndege. Wote waliinama, wakatazama, wakakubaliana kwamba ni gauni, tena la kiuno kilichobanwa. Hakuna aliyembishia.

"Sasa hapo katikati palitakiwa kuwe na nini?" mpiga ngoma aliuliza.

"Kipande changu cha kinanda. Nilikitunga wiki mbili. Hakuna aliyewahi kukisikia."

Shemeji aliondoka kwenye kinanda bila kuambiwa. Fundi akakaa. Alikitamani kiti kile cha kinanda kwa miaka hamsini na nane, tamaa ya kuumiza, na vidole vyake vilikuwa vimefanya mazoezi muda wote huo kwenye ukingo wa meza ya cherehani. Mkata tiketi alikirudisha kiti mlangoni, nao wakaanzia ubeti wa pili. Mkata tiketi akainuka kama kawaida yake. Ubeti wa tatu ukafika, fundi akapiga, na kiti hakikusogea. Mkata tiketi alikitazama kidogo, kisha akakaa. Noti zilipanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, zikafika juu, zikautua. Mpiga ngoma alilia, na akasema kwamba analia.

Inspekta alilichukua tena lile jalada.

"Dada, nakuamini asilimia mia. Na ni pazuri, nisiwe mnafiki. Lakini hapamo kwenye santuri."

"Hapamo kwa sababu nilikuwa nabeba kiti."

"Ndiyo. Na watu wanakuja kukiona hicho kiti."

Akampa shauri: Jumamosi apige yeye wimbo mzima, isipokuwa yale mapigo kumi na sita.

"Na mtasema mimi ni nani?"

"Tutasema ni fundi wa makoti yetu. Jalada lina watu wanne, dada. Nikisema watano nitakuwa nimeongeza."

Aliona haya wakati akisema, lakini alisema. Fundi alikuwa na uwezo wa kukataa. Alijikasirikia, akakubali, kwa sababu ya kinanda.

Jumamosi ukumbi ulifurika, na mtaalamu mwenyewe alikuja, akasimama karibu na jukwaa akiwa ameshika kitabu chake. Makoti yaliwakaa wote vizuri. Ubeti wa tatu ulipofika fundi aliinua mikono, akaiweka mapajani, akahesabu. Kiti kilichechemea kutoka mlangoni mpaka nyuma ya mtaalamu. Mtaalamu alikaa, akafumba macho, na watu wakapiga makofi.

Wimbo ulipoisha mtaalamu alimwita fundi.

"Shikamoo, mama. Umenyamaza vizuri sana."

"Marahaba."

Akamfafanulia maana ya ule ukimya. Alisema msanii alijitoa kwa makusudi ili msikilizaji apate nafasi ya kuingia. Alieleza kwa kirefu, yeye akiwa amekaa na fundi akiwa amesimama.

"Nilikuwa nimekwenda kuleta kiti," fundi alimwambia.

Mtaalamu alicheka kwa adabu. Alisema hiyo nayo ni tafsiri nzuri, ataitia kwenye toleo la pili kama maoni ya msikilizaji mmoja, kisha akaaga na kuondoka. Kiti hakikuwa na desturi ya kurudi chenyewe. Fundi alikibeba mpaka mlangoni, ambako mkata tiketi alikuwa anakisubiri.