Vijiti vya Lavenda Dirishani

Kikombe cha bati kilikwaruza ukingo wa ndoo, kikanyamaza. Kisha ikasikika sauti ya mchanga ukinywa maji taratibu, kama mtu anayefyonza chungwa gizani.

Fundi cherehani alifumbua macho. Binti yake alikuwa amelala kwa raha zake, kisigino kimemkita mama mbavuni, na mume alikuwa zamu ya usiku. Aliyebaki ndani ya nyumba ni mama mkwe. Fundi akajitoa shukani, akanyata hadi sebuleni, akamkuta bibi wa watu amechutama chini ya dirisha, kidonge chake cha presha kishamezwa, akivigawia maji yaliyobaki vipandikizi vya lavenda, ule mmea wa harufu, ambavyo fundi alivichomeka kwenye makopo. Alikuwa akivibembeleza: kunywa baba, kunywa mama, msife na kiu mimi nikiwapo.

Kumbe. Fundi akaketi kwenye kiti cha cherehani. Vipandikizi vya kwanza vilioza vyote, vikawa vyeusi shinani, vikalegea kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Alikuwa amelaumu mchanga, akalaumu makopo, mwisho akalaumu mkono wake mwenyewe. Hivi vilikuwa vya pili, navyo vilishaanza kufifia.

Na muda ulikuwa unamwishia. Kichaka chenyewe, alichokipanda marehemu mama yake kando ya ukuta wa uani, kilishahukumiwa: mwenye nyumba alitaka ua wote umwagiwe zege, na kokoto zilikwisha kushushwa. Kukihamisha kilivyo kusingefaa, maana lavenda iliyozeeka haihami. Mama yake alipenda kusema kwamba kwao lavenda ni kwenye vilima vya mawe vya Mediterania, penye kiangazi kisicho na huruma, ndiyo maana imezoea shida. Fundi alipokuwa mwanafunzi, mama huyo alikuwa akimtilia kitawi kimoja mfukoni mwa sare, na hadi leo fundi alifanya hivyo kwa kila nguo aliyomaliza kushona. Kichaka kikienda bila mrithi, harufu ya mama ingekwenda nacho.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "unaviua."

Mama mkwe aligeuka, kikombe kikining'inia kidoleni. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. Alieleza kwamba alikulia mahali ambapo maji yalibebwa kichwani, akafunzwa kwamba mtu hanywi peke yake mbele ya mwenye kiu. Naye kila alfajiri akimeza dawa, anaviona vijiti vimemkodolea macho.

"Ukavu ndio unaovitafutisha mizizi," fundi alimwambia. "Kikitiliwa kila kitu mdomoni, mzizi wa nini?"

Bibi akatafakari. "Kama huyo mumeo," alisema. "Nilimlisha kwa mkono mpaka ndevu zikaota, na leo hajui sufuria inakaa wapi."

Wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Lakini kicheko hakioteshi mzizi. Kulipopambazuka fundi alishuka uani na mkasi wake wa kitambaa, ule ambao mume hakuruhusiwa hata kukatia uzi. Akachagua vitawi vichanga visivyochanua. Penye tumba la ua alilinyofoa, maana kitawi hakiwezi kulea ua na mzizi kwa pamoja. Akapukutisha majani ya chini, akavichomeka kwenye makopo ya mchanga wenye udongo kidogo, akavimwagilia mara moja tu, akaviweka penye mwanga usio na jua kali. Bibi alimfuata na makopo.

Kisha fundi akapanda shina la mnanaa kwenye beseni bovu, akaliweka karibu na ndoo. Akamwambia mama mkwe kwamba huyu ndiye mlevi wa maji, amnyweshe apendavyo. Wale wengine wako kambini kama askari wapya, wasihurumiwe.

Zege likaja. Fundi hakwenda dirishani. Alikanyaga cherehani kwa nguvu asisikie sururu. Jioni pale ukutani palikuwa kijivu kitupu. Sebuleni mchanga ulikauka, vijiti vikainama kidogo. Kila alfajiri alisikia kikombe kikikwaruza ndoo, kikisita, kikisita tena, ndipo maji yakaanguka kwenye mnanaa. Yeye alibaki kitandani, ngumi amezikunja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye alishavua.

Siku zikapita. Asubuhi moja ni mama mkwe aliyeshindwa kuvumilia, akauliza marehemu alikuwa anajuaje kwamba vimeshika. Fundi akasema unakivuta kidogo tu, kama unavyomvuta mtu upindo wa nguo; chenye mizizi hukataa. Akavuta cha mwanzo. Kikatoka, kikavu, hakina hata unywele mmoja wa mzizi. Mkono wake ukabaki hewani. Bibi akaangalia pembeni.

Mtoto hakungoja ruhusa. Alijipenyeza kati yao, akakishika kilichofuata kwa vidole viwili, akavuta. Akavuta tena, ulimi nje.

"Hiki hakitoki," alisema.