Moshi wa Adut

Asubuhi moja mwaka 2013, Adut alikuwa amechuchumaa akitandaza mkate mwembamba wa kisra juu ya chuma cha moto alipokohoa, na moshi ukamtoka mdomoni. Ulinukia samaki. Jirani yake Thon, aliyekuwa akinyoa ndevu mlangoni, alisema hao ni samaki Adut aliowapika kwenye harusi yake yeye Thon, akasogeza kigoda anuse vizuri.

Tangu hapo kila kikohozi kilitoa moshi wa mapishi ya zamani. Adut alikuwa amepika miaka kumi na minane katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, katika kibanda cha mabati kisicho na dirisha, kwa kuni mbichi za mgao. Sasa moshi ulirudi kinyumenyume, Krismasi moja baada ya nyingine, na watu wakaja kucheza ngoma.

Atabo, Mturkana mchoma makaa aliyembadilishia kuni kwa unga, alileta kibuyu, maana kwao kibuyu hufukizwa kabla ya kutiwa maziwa.

“Ejok, Adut!” akamsalimu kwa Kiturkana. “Kohoa humu.”

Maziwa yakawa na ladha ya harusi, wazee wakaomba ya pili. Adut alifurahi mno. Moshi ukiendelea kurudi nyuma, siku moja ungefika wa jiko la mama yake. Aliomba tu kifua kimvumilie.

Kikohozi kilipozidi licha ya dawa za TB alizopewa kambini, gari la wagonjwa lilimpeleka Lodwar. Daktari aliitazama picha ya kifua.

“Hii si TB, mama. Huenda ni saratani. Mashine ya kuhakikisha iko Eldoret.”

Mkimbizi haendi Eldoret bila kibali. Karani wa vibali alimwambia arudi mwezi ujao. Adut akakohoa.

“Mama, hapa hakuna kuvuta sigara.”

“Mimi sijavuta hata siku moja.”

“Basi kohoa nje.”

Zahanati ya kambi ikampa tena dawa za TB, kwa kuwa ndizo zilizokuwepo.

Mwezi wa Agosti, kibali kikiwa bado, moshi ulinukia mtama na mavi makavu ya ng'ombe. Lilikuwa jiko la mama. Adut alilia kwa furaha, akakohoa tena makusudi, na Atabo akaziba kibuyu upesi. Jioni wakanywa maziwa yaliyotiwa humo, pamoja, polepole.

Atabo akapaliwa, akakohoa. Moshi mweusi ukamtoka, wa tanuru la makaa.

“Wewe ni raia,” Adut akamwambia. “Nenda Eldoret. Wewe kibali cha nini?”

“Kibali si shida. Nauli ndiyo sina.”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Adut akachukua kibuyu kingine, akamshikia mdomoni.