Mabingwa wa Machi

Kila Machi naiacha theluji ya kwetu nakwenda Arizona kutazama timu yangu ya besiboli ikijinoa kwa msimu, na kila Machi narudi na hasira. Mwaka huu nilikwenda na wifi yangu, Doreen. Tulikaa kwenye nyasi nyuma ya uwanja tukila hotidogi, timu yetu ikiongoza tisa bila.

"Wifi, mwaka huu ni wetu," Doreen akasema.

"Wetu kwa lipi? Mechi hizi hata hazihesabiwi. Machi sisi ndio mabingwa wa dunia, ikifika Juni hatuuoni mpira."

Nikamwonyesha mrushaji wetu ghali wa mpira. Gazeti liliandika kwamba hajawahi kuwa fiti namna hii maishani mwake. Mwaka jana waliandika hivyohivyo, na tumbo lilikuwa lilelile. Nyota wetu naye alicheza kidogo, akaenda kuoga, na mechi ikiwa bado inaendelea tukamwona anaelekea kwenye gari lake, mfuko wa gofu begani. Uwanjani wakabaki vijana wasiojulikana, ambao hata mama zao wangewatafuta kwa darubini.

"Timu hii haijafika fainali za Oktoba tangu kaka yako akiwa na nywele," nikasema.

Doreen akacheka. "Basi afadhali. Binti yangu Kendra anaolewa Oktoba, na keki utasimamia wewe."

Nikafuta haradali kidoleni.

"Oktoba sina nafasi," nikamwambia. "Mwambie aolewe Novemba."