Maneno Chini ya Sauti ya Pili

Emérita alipotoka kupalilia maharagwe alinawa mikono, akafungua ordinateri, kompyuta ya parokia pale Nyabiondo, akaanza kupanga maneno ya wimbo kati ya mistari ya nota. Juu, sauti ya kwanza, ya Solange. Chini, sauti ya pili, yake mwenyewe. Maneno huandikwa mara moja tu, hapo katikati, wanawake wote wa kwaya wayasome.

Wimbo aliutunga yeye, nota na maneno. Lakini Papa Michel, kiongozi wa korali, alikuwa ameshaamua kwamba Solange ndiye atakayesimama mbele kwenye sikukuu ya Walikale. Solange huyo! Hajawahi kutunga hata nusu mstari. Wivu ni kidonda, na Emérita alikikuna chake asubuhi na jioni. Akayashika maneno, akayavuta chini mpaka yakagusa nota za sauti ya pili.

"Tutaona," akasema.

Jumapili Solange alifungua kinywa, ikatoka sauti tupu, bila neno. Maneno yote yalikuwa kinywani mwa Emérita. Papa Michel akaitazama karatasi huku akiendelea kuongoza.

"Maneno iko karibu sana na sauti ya pili," akawaambia wanakwaya baada ya misa. "Njo maana."

Emérita alikuwa ameimba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Lakini watu walimtazama Solange tu. Mama Mukarugwiza, muuza maziwa, alilia waziwazi.

"Uyu mutoto! Ata bila maneno, inaingia mu roho!"

Loo! Emérita alikimbilia ordinateri ayarudishe maneno juu. Papa Michel akamkuta hapo.

"Dada, usiguse. Uache vile."

"Na jina yangu, Papa? Hauiandike ku wimbo?"

"Watu wote wanasema ni wimbo ya Solange. Tutawachanganya bure."

Walikwenda Walikale kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Solange akasimama mbele, sauti ikamtoka safi. Nyuma yake Emérita aliyatoa maneno yake yote, moja baada ya jingine, huku wivu ukimchoma kifuani. Mzee mmoja wa benchi la mbele akakunja uso.

"Ule mama anasema-sema nini, wakati mutoto anaimba?"

Papa Michel akamwinamia mzee kwa heshima, kisha akamwashiria Emérita apunguze sauti.